Beki Mmoja kwa Bartolomeo

Mwenyekiti wetu alikuwa na desturi ya kula kikaoni. Alhamisi ile alikula miguu ya mbuzi. Aliitoa bakulini mmoja mmoja, akaifyonza mpaka kwenye kwato, kisha akaivuta karatasi ya majina ya wachezaji kwa vidole vilevile. Karatasi hiyo nilikuwa nimeichapa asubuhi, safi, bila kosa hata moja. Sasa jina la kipa lilikuwa limelowa mafuta mpaka linaonekana upande wa pili.

"Ndugu Katibu," akaniambia, "tusomee tena hali ya timu."

Nikasoma. Mechi sita, bao moja. Na bao lenyewe alijifunga beki wa timu ya Magamba alipokuwa anamrudishia kipa wake mpira.

"Kwa hiyo hata hilo si letu," akasema Melkiadi.

"Limeandikwa letu," akajibu mwenyekiti, akatema kipande cha mfupa sakafuni.

Mwaka ule wa 1976 nilikuwa mpiga chapa katika kiwanda cha mbao pale Mpanda, nimetoka chuo cha uhazili mwaka uliotangulia. Kiwanda kilikuwa na timu ya mpira iliyoitwa Mninga. Kwa kuwa ni mimi tu niliyejua kuandika kumbukumbu za kikao, wakanifanya katibu wa timu bila kuniuliza. Sikukataa. Mimi ni mtu wa haya. Nikiulizwa jambo mbele ya watu, ulimi unakauka, na jibu zuri huja nikiwa nimeshafika nyumbani, naosha vyombo.

Kamati ilikuwa na watu watatu, nami nikiwemo. Mwenyekiti alikuwa Bwana Leodgar, mkuu wa utumishi wa kiwanda, ndiye aliyeajiri na kuhamisha watu. Melkiadi alikuwa fundi wa msumeno mkubwa, na jioni mwalimu wa timu. Alipenda kukaa karibu nami kupita kiasi, na alinuka jasho lililochanganyika na unga wa mbao.

Tulikuwa na siku mbili tu. Jumamosi saa sita mchana, orodha ya wachezaji ilitakiwa iwe mezani kwa katibu wa mpira wa wilaya. Baada ya hapo kila timu ingecheza na watu iliokuwa nao mpaka mwisho wa ligi.

"Tuna njia ngapi za kupata mabao?" akauliza Leodgar.

"Tatu," akajibu Melkiadi. "Ya kwanza, yule mvuvi wa Karema. Anapiga mpira unachana wavu."

"Yuko ziwani. Mpaka ujumbe umfikie na yeye afike, Jumamosi imepita. Na hapa utampa maji gani avue?"

"Ya pili, tumtoe kipa golini acheze mbele. Ana miguu mirefu."

"Na golini akae nani? Mama yako?"

"Mama yangu angedaka kuliko yule."

Wakacheka. Mimi niliandika: njia ya pili, haikukubaliwa.

"Ya tatu ni Bartolomeo," akasema Melkiadi, na hapo wote wawili wakameza mate kama watu waliotajiwa chakula.

Bartolomeo alikuwa mkata miti katika kituo cha kiwanda chetu huko milimani Mwese. Kituo kile kilikuwa na timu yake, na Bartolomeo peke yake alikuwa amefunga mabao tisa. Kumchukua mchezaji wa timu nyingine kwa njia ya mpira kulikuwa na mlolongo wa fomu na ruhusa. Lakini kwa sisi wa mwajiri mmoja kulikuwa na njia fupi. Unamwandikia mtu barua ya uhamisho wa kazi. Kibarua chake kinahama, na mpira unamfuata. Timu nyingi za makazini zilifanya hivyo, na hakuna aliyeona vibaya.

"Nimeongea nao kwenye simu ya upepo," akasema Leodgar. "Wanasema chukueni Bartolomeo, tupeni beki. Lori lao la magogo linakuja Jumamosi asubuhi, litamleta. Saa nane linarudi, liwe na mtu wao juu. Likikosa mtu, Bartolomeo anarudi nalo."

"Tuwape Josephat," akasema Melkiadi.

"Josephat, basi."

Ilichukua muda huo tu, kama kuchagua kuku bandani.

Josephat alikuwa beki wetu wa kushoto, mpakia mbao, na jirani yangu katika nyumba za wafanyakazi. Mkewe Marsela alikuwa na mimba ya miezi minane na siku zake. Mimba mbili za kwanza alizipoteza kijijini, na daktari wa Mpanda alimwambia hii ya tatu asikae mbali na hospitali hata kidogo. Kwenda Mwese lori lilitumia siku nzima, na mvua ikinyesha siku mbili. Nilitaka kuyasema haya yote. Yaliyotoka ni maneno mawili.

"Mke wake..."

"Mke wake anafanyaje?"

"Ana mimba."

Leodgar aliramba kidole gumba. "Kwani wanawake wa Mwese hawazai?"

Melkiadi alicheka mpaka akanipiga begani kwa kiganja, kikabaki pale. Nilisogeza kiti. Nikaambiwa nichape barua na niweke tarehe ya wiki mbili nyuma, ili ionekane uhamisho ulikuwa wa kazi tangu mwanzo. Nikaichapa. *Unahamishwa kwa manufaa ya kazi.* Nilipoivuta kutoka kwenye mashine, nilinawa mikono kwa sabuni, halafu nikanawa tena.

Fundisho moja la chuoni ni kwamba siri ya ofisi haitoki ofisini. Jioni ileile nililivunja. Nilimkuta Marsela kwenye bomba la maji, nikamwambia, huku nikitazama ndoo badala ya uso wake.

Hakupiga kelele. Alifunga bomba, akaniambia, "Nibebee ndoo, Romana, twende ukamwambie mwenyewe."

Josephat alikuwa kizingitini anashona kiatu chake cha mpira. Nikamwambia. Aliacha sindano hewani.

"Mimi kwa Bartolomeo?" akauliza. "Mmoja kwa mmoja?"

"Ndiyo."

"Hawakuongeza mtu? Mimi peke yangu?"

"Wewe peke yako."

Uso wake ulifunguka. Wallahi alitabasamu. "Mabao tisa yule," akasema. "Kwa hiyo wameona mimi ni sawa naye. Melkiadi hajawahi kunisifu hata siku moja, kumbe moyoni anajua."

Nilimtazama mtu huyu, ambaye nilikuwa nimekosa usingizi kwa ajili yake na mkewe kabla hata usiku haujafika, nikaona kinyaa. Marsela alikuwa amesimama nyuma yetu, mkono kiunoni.

"Na mimi je, Baba?" akamuuliza. "Mimi nimebadilishwa na nani?"

Josephat alirudi kwenye kiatu chake. Akavuta uzi, akasema, "Barua ya kazi haikataliwi, Mama. Nikikataa wananifukuza."

Katika hilo alikuwa na haki. Ijumaa barua ikatolewa, Josephat akaipokea mbele ya wenzake, wakampa mkono.

Jumamosi saa tatu lori la Mwese liliingia kiwandani. Bartolomeo alishuka kutoka juu ya magogo na godoro lake limeviringwa, kijana mpole mwenye macho mekundu kwa vumbi. Aliniuliza kama najua atalala wapi. Sikujua. Akaniuliza kama angeruhusiwa kwenda kuvuna maharage yake mwezi ujao, kwa sababu jana tu ndipo walipomwambia apande lori. Hilo pia sikujua. Melkiadi alikuja akamzunguka, akamshika paja, akamwambia ainue mguu wa kushoto.

"Angalia nyama hiyo," akamwambia Leodgar, naye Leodgar akaangalia.

Tulikuwa tumerudi ofisini, mimi nachapa upya orodha yenye jina la Bartolomeo, mlango ukagongwa na kufunguliwa kwa pamoja. Alikuwa Marsela. Kichwani alikuwa na mkeka, mkononi ndoo, na ndani ya ndoo kanga mbili kuukuu, wembe mpya na uzi.

"Hodi, mtani! Nimekuletea mzigo wako."

Kabila la Marsela na kabila la Leodgar ni watani tangu enzi za babu zao. Kwa kawaida walipokutana njiani walitukanana kwa furaha na kila mmoja akaenda zake. Leodgar alicheka kwa mazoea.

"Mzigo gani, mtumwa wangu?"

"Nani mtumwa? Babu yako alibebeshwa chumvi ya babu yangu mpaka akapata kibiongo. Na wewe unacho, ila kimehamia mbele." Alitandika mkeka kati ya meza na kabati la mafaili, akakaa taratibu, akanyoosha miguu. "Mume wangu umemtoa. Mwanaume wa kunipasulia kuni ni nani? Wewe. Wa kunipeleka hospitali? Wewe. Basi nimehamia. Nitazalia hapa."

"Marsela, hii ni ofisi ya shirika."

"Ndiyo maana nimekuja na mkeka, nisichafue sakafu ya shirika. Mtani, hayo mafaili mekundu yana vumbi, mtoto atakohoa. Yatoe."

Wafanyakazi walianza kujaa dirishani. Msumeno mkubwa ulinyamaza, jambo ambalo lilikuwa halitokei mchana. Leodgar angevamiwa na mtu mwingine yeyote, angemwita mlinzi. Lakini mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia mtani, ukamtoa kwa nguvu, tena mjamzito, unakuwa umejivua nguo mwenyewe. Hata wanao watakutania kwa jambo hilo mpaka uzeeni. Kila mtu pale dirishani alilijua hilo, na Leodgar alilijua zaidi yao.

"Mtani," akasema Marsela, "hebu shika mgongo hapa. Hapana, chini kidogo. Jamani, mikono yake ina mafuta! Mtoto atazaliwa anateleza!"

Dirisha zima likaangua kicheko. "Mzalishaji huyo!" mtu akapiga kelele. "Mkunga Leodgar!" akaitikia mwingine.

"Nikipata wa kiume nitampa jina lako," Marsela akaendelea. "Nikipata wa kike nitampa jina la mkeo, tena niende nikamweleze kwa nini."

Hapo Leodgar alijifuta jasho. Saa ya ukutani ilionyesha nne na nusu.

"Haya, mtani. Umeshinda. Mume wako nimekurudishia, amka uende."

"Barua."

Leodgar alimpa nakala ya uhamisho iliyokuwa kwenye faili. Marsela hakujua kusoma vizuri. Alinipa mimi nimwambie kama ndiyo yenyewe. Nikasema ndiyo. Akaichana vipande vinne, akavitia ndooni, akaomba mkono wa kuinukia, na Leodgar ndiye aliyemwinua. Watu walishangilia kuliko walivyowahi kushangilia bao lolote la Mninga. Mimi nilicheka kwa sauti. Nilicheka mpaka machozi, ofisini, mbele ya mkuu wa utumishi, nami nikadhani mambo yamekwisha.

Mlango ulipofungwa Leodgar aliendelea kucheka kidogo peke yake. Halafu akaacha.

"Lori linarudi saa nane," akasema. "Tuna saa moja na nusu ya kupeleka orodha. Melkiadi, nani kwenye timu hana mtani hapa?"

Alisema hivyohivyo; hapa sijamwongezea neno.

"Libérat," akajibu Melkiadi.

Libérat alikuwa kijana wa Burundi kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba. Alikuwa na kibali cha kufanya kazi Mpanda siku za wiki, na kila Jumamosi mchana alikwenda Katumba kwa mama yake, ambaye macho yalikuwa yameanza kufa. Alimchotea maji ya wiki nzima, akamkatia kuni. Kwenye timu alikuwa winga, lakini alikaa benchi siku zote. Na mimi, niliyekuwa nabeba mipira na maji mazoezini kila jioni, nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba hapakuwa na mtu wa kumkamata akikimbia. Katika mechi zao wenyewe kwa wenyewe alifunga karibu kila siku. Njia ya nne ilikuwepo tangu mwanzo, inakaa kwenye benchi letu, inakunywa maji kutoka kwenye kopo nililolishika mimi.

"Mwese wanataka beki," akasema Leodgar.

"Tutawaambia ni beki. Beki anayekimbia."

Wakacheka tena.

Nikasikia sauti yangu. "Libérat anaweza kucheza mbele. Hapa. Hatuhitaji kubadilishana na mtu."

Wote wawili waligeuka kama mashine ya chapa imesema.

"Nani amekuambia?" akauliza Melkiadi.

"Nimemwona."

"Ulimwona ukiwa umevaa viatu vya mpira vya namba ngapi?" Akamkonyeza mwenzake. Kisha akaongea taratibu, kama anamfundisha mtoto. "Dada Romana, anaweza, mimi najua. Lakini mkimbizi akitufungia mabao, watu watasema Mpanda nzima tumekosa watu. Unataka tuchekwe?"

Alijua. Wiki zote zile za kutafuta mabao, alijua.

"Na kibali chake?" nikauliza. "Kibali chake ni cha Mpanda."

"Kibali kitamfuata," akasema Leodgar. "Chapa."

Waliniletea Libérat mwenyewe, unga wa mbao kwenye kope zake. Leodgar alimweleza kwa maneno machache na kwa uchangamfu. Libérat alinisogelea akasimama mbele ya mashine. Sikuwa nimegusa kitufe hata kimoja. Nilikuwa nimeamua kutochapa. Au niseme nilikuwa bado naamua.

"Andika tu, dada," akasema kwa sauti ya chini, kama ni mimi ninayehitaji kutulizwa. "Mimi nimezoea kuhamishwa."

Nikaandika. Naweza kusema ni kwa sababu yeye mwenyewe aliniambia, na nimejaribu kulisema hilo mara nyingi. *Kwa manufaa ya kazi.* Orodha ilifika kwa katibu wa wilaya saa sita kasoro dakika tano. Saa nane lori likaondoka na Libérat juu, ameshika mnyororo, amevaa shati lake la kazi kwa sababu hakupewa muda wa kubadilisha.

Jumapili ilikuwa siku ya mechi. Baada ya misa Josephat alinikuta njiani, akanipa mkono kwa mikono miwili. Marsela alikuwa nyuma yake anatembea kwa madaha ya ushindi.

"Umetuokoa, Romana," akasema Marsela. "Ulimwona yule mtani wangu alivyotoka jasho? Na huko Mwese wameahirisha, eti?"

"Hapana. Wamempeleka Libérat."

Furaha ilimtoka usoni polepole. Josephat akasema, "Lakini yule hana mke," kisha akaangalia saa, akaaga, awahi kuvaa jezi. Marsela alibaki.

"Ana mama," akasema. "Mama yake anajua?"

Nilikuwa sijaliwaza hilo. Kamati nzima haikuliwaza. Jana mchana mwanamke yule alikuwa ameketi anamsubiri, na hakuna mtu duniani aliyepeleka neno.

Sikwenda uwanjani. Niliazima baiskeli ya tarishi wa ofisi nikaenda Katumba. Njia nzima mchanga ulinishika magurudumu, nami nilisukuma kuliko nilivyopanda. Nilipofika nikauliza nyumba ya mama yake Libérat, nikaonyeshwa. Alikuwa bibi mwembamba aitwaye Générose, ameketi mlangoni na mitungi miwili mitupu kando yake. Aliposikia baiskeli aliinuka upesi, akaita jina la mwanawe.

Hakujua Kiswahili ila salamu. Jirani, mwanamke wa rika langu aliyeitwa Épiphanie, alikuja kutufasiria. Nilieleza kwamba Libérat ni mzima, amehamishiwa Mwese, ni mbali, sijui atarudi lini. Épiphanie alisema kwa Kirundi. Bibi aliuliza swali moja fupi.

"Anauliza amefanya kosa gani," akasema Épiphanie.

"Hakufanya kosa."

Bibi akauliza tena, sauti imepungua.

"Anauliza kama ni vita."

"Hapana, mwambie si vita. Ni..." Ulimi ulikauka, lakini safari hii hapakuwa na mwanaume wa kunitisha. "Ni mpira. Timu ilitaka mshambuliaji, wakabadilishana watu."

Épiphanie hakufasiri. Alinitazama kuanzia viatu vyangu vya ofisini mpaka kitambaa cha kanisani kichwani, kama anavyotazamwa mtu aliyejisaidia kisimani.

"Hilo nimwambie? Mpira?"

"Mwambie."

"Wewe ndiye uliyekuja nalo," akasema, akavuta kigoda akakiweka mbele ya bibi. "Kaa hapa. Mwambie mwenyewe, mimi nitafasiri maneno yako."

Nikakaa. Bibi Générose alinyoosha mkono, akautafuta wangu hewani, akaushika, akasubiri.